Kisahani cha Mandazi: tumejaribu vinne, tumebaki na kimoja

Kisahani cha kwanza cha kumrushia mbwa wetu, Mandazi, tulikipata bure. Kilikuwa cheupe, chembamba, kimechapwa nembo ya wauza bima, na binti yangu Zuhura alikichukua kwenye meza yao siku ya maonyesho mtaani kwetu. Siku ya nne Mandazi alikidaka kikapasuka mdomoni kama kigae, tukarudi nyumbani na mbwa anayedondosha damu kwenye kiti cha gari. Fizi ilichanika kidogo tu, ikapona kwa siku chache. Lakini toka siku ile nikaanza kuvichunguza vidude hivi kama mtu anayenunua gari la mkononi, navipinda, navigonga, navipitisha kidole ukingoni. Huu ni mwaka wa pili na tumeshajaribu vinne. Naandika kwa sababu Waswahili wenye mbwa tupo, hata kama wengine wetu hatupendi kusema mbele ya wazee.

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga. Utotoni mwangu mbwa alikuwa kiumbe wa ng'ambo ya ukuta: analinda, anabweka usiku, basi. Nyumbani sisi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na kila mtoto wa madrasa kwetu anajua kwamba chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Kumtupia mbwa sahani aidake kwa meno, kisha uipokee ikiwa na mate umtupie tena, ni jambo ambalo hata mwendawazimu wa mtaa wetu asingelifanya. Leo naishi Aurora, Colorado, ubavuni mwa Denver, nafanya zamu ya usiku kwenye ghala, na asubuhi kabla sijalala nipo uwanjani nimevaa glavu ya bustani mkono wa kulia, natupa sahani.

Zuhura ana miaka 13. Aliomba mbwa kwa miaka miwili. Mama yake akakubali, mimi nikaambiwa. Tulimchukua kwenye kituo cha mbwa wasio na wenyewe, wakatuambia ana kama miezi 10, jike, nusu border collie na nusu nyingine Mungu anajua. Rangi yake ni ya mandazi yaliyoiva barabara, ndiyo jina lake. Ana kilo 19. Hao border collie ni mbwa wa kuchunga kondoo, asili yao mpakani mwa Uingereza na Uskoti, na Mandazi kwa kukosa kondoo alianza kuchunga baiskeli za watoto, ufagio, na miguu ya mgeni yeyote aliyevaa kanzu. Ilibidi apewe kazi.

Bi Mkubwa wangu alipopata habari alipiga simu mwenyewe.

"Mbwa ndani ya nyumba, mwanangu?"

"Wa Zuhura huyo, mama. Mimi namtupia sahani tu."

Kimya. Kisha: "Sahani ya kulia?"

Basi tuje kwenye visahani.

Cha pili kilikuwa kile cha watu, kinachochezewa na vijana wa vyuo kwenye nyasi, gramu 175. Nilikinunua dukani kwa sababu niliona ni imara, hakiwezi kupasuka. Kweli hakipasuki. Ila kabla sijampa Mandazi nikajigonga nacho kwenye meno ya mbele, polepole tu, na machozi yakanitoka. Sasa fikiria kitu hicho kinakuja kwa kasi na mwenye kukipokea hana mikono. Visahani vya mbwa vya plastiki vingi vina gramu mia na kidogo, na plastiki yake hulegezwa makusudi ili jino lizame badala ya kugongana na ukingo. Cha watu kibaki kwa watu. Sasa Zuhura anacheza nacho na wenzake, na mimi siku hizi kila kisahani nakijaribu kwa meno yangu kwanza, dukani, watu wanitazame wanavyotaka.

Cha tatu ndicho kilichonitia hasara ya kweli, na nitakieleza kwa kirefu kwa kuwa ndicho kinachodanganya. Ni cha kitambaa: nailoni katikati, ukingo wa mpira laini, dola 9. Siitaji kampuni. Kwenye mdomo wa mbwa hakina neno hata moja. Chepesi, kinakunjika, hata kikimpiga mtoto usoni ni kicheko. Wiki tatu nilikisifia kwa kila mtu ghalani. Tatizo lake liko hewani. Kwa wepesi wake upepo ukikiingia chini kinapanda, kinasimama, kinaelea kama tiara iliyokatika uzi. Na huku Colorado mchana wa kiangazi ukishapita saa nane, mawingu hujikusanya juu ya milima na upepo huja mbele ya mvua ya radi. Sisi wakati huo ndio tulikuwa tunakwenda uwanjani, kabla sijabadilisha ratiba.

Mandazi alikuwa anakimbilia pale anapotegemea kisahani kishuke. Anafika, hakipo. Kiko juu ya kichwa chake kinanesanesa. Mwendo wa kwenda mbele umeshakwisha, basi anaruka wima, shingo nyuma, mgongo umepinda kama upinde, anakidaka kwa ustadi, watu wanapiga makofi, kisha anashuka kwa miguu miwili ya nyuma peke yake.

Mimi nilikuwa golikipa. Si wa kutajwa, nilidakia timu za mtaa tu, lakini kocha wetu alitukalisha wiki mbili kwenye mchanga tukijifunza kuanguka kabla hajaturuhusu kuugusa mpira. Paja, nyonga, ubavu, bega, uzito unagawanywa. Anayetua kwa mguu mmoja uliokakamaa, huyo goti lake linahesabiwa siku. Nilimwona Mandazi anatua vibaya, na nililijua hilo, na nikaendelea kurusha kwa sababu watu walikuwa wanapiga makofi. Sina wa kumlaumu. Siku moja ya Julai alitua, akalia mara moja tu, mguu wa nyuma wa kushoto ukabaki hewani.

Daktari wa wanyama aliushika ule mguu, akauvuta na kuusukuma juu ya goti, akapiga picha. Kano imevutika, haijakatika. Dola 212 na siku 14 za kutembea kwa kamba tu, hakuna kukimbia, hakuna ngazi. Kano yenyewe ni ileile inayowamaliza wacheza mpira, ile iliyopita katikati ya goti. Ikikatika kwa mbwa, upasuaji wake huku ni maelfu ya dola. Kisha akaniuliza umri wa mbwa. Nikamwambia mwaka na mwezi au miwili. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba kwenye ncha za mifupa ya mbwa mchanga kuna sehemu laini ambako mfupa hurefukia, na mpaka zifunge, kila kishindo kinapokelewa na kitu ambacho bado si mfupa. Mbwa wadogo hufunga mapema, wakubwa huchelewa. Kwa Mandazi, ambaye hata nusu ya ukoo wake haijulikani, akataka asiruke kabisa mpaka atimize mwaka na nusu. Kukimbilia kitu kilicho chini, sawa. Kuruka, hapana.

Makosa haya tuliyapata kwenye video, kama wengi. Zuhura alikuwa ananionyesha zile za zamani za Ashley Whippet. Kama humjui: tarehe 5 Agosti 1974, uwanja wa Dodger Stadium, Los Angeles, Dodgers wanacheza besiboli na Cincinnati Reds, televisheni inaonyesha moja kwa moja. Kijana mmoja, Alex Stein, akaruka uzio na mbwa wake, wakaanza onyesho la visahani katikati ya mechi. Mechi ikasimama, umati ukashangilia, Stein akaishia mikononi mwa polisi. Mchezo huu wa visahani kwa mbwa ulipata umaarufu kuanzia usiku ule. Ni picha tamu, siachi kuziangalia. Lakini Ashley alikuwa whippet, mbwa mwembamba wa mbio, kiuno cha nyigu, mapaja ya swala. Mandazi si swala. Mandazi ni mandazi.

Cha nne kinaitwa Kong Flyer, na ndicho tulichobaki nacho. Kampuni ya Kong iko Golden, mji mdogo magharibi ya Denver, chini ya milima, si mbali na kwetu. Hadithi yao huku inajulikana: miaka ya sabini fundi mmoja, Joe Markham, alikuwa na mbwa aitwaye Fritz aliyekuwa anatafuna mawe mpaka meno yanaisha, na siku moja kipande cha mpira kilichotoka chini ya gari la Volkswagen kikamvutia Fritz kuliko mawe. Mpira ule ndio uliozaa kile kidude chao chenye umbo la mzinga wa nyuki, na kisahani hiki ni ndugu yake. Ni mpira wa asili, si plastiki. Kile kikubwa kina upana wa sentimita 23 hivi. Nilikilipia dola 13 na senti.

Ukikishika kinalegea mkononi kama chapati iliyopoa. Ukingo wake ni mnene na wa mviringo, kidole hakipati pa kukwaruzika, na jaribio langu la meno lilikuwa kama kujigonga na kandambili. Nilikirusha mara ya kwanza kwa nguvu zangu zote kama nilivyozoea vile vya plastiki. Kikajikunja hewani, kikadondoka hatua nne mbele yangu. Zuhura akacheka mpaka akakaa chini. Nikarusha tena, kikajikunja tena. Mara ya tatu nikarusha bila kutaka, mkono mlegevu, usawa wa kiuno, kifundo ndicho kinachofanya kazi, nacho kikaenda mita kumi, chini, kimetulia, kikashuka taratibu kama mtu anayekaa kitini.

Hapo ndipo nilipokipenda, na ndilo jambo langu kubwa kwenye maelezo haya yote. Kisahani hiki hakikubali mrusho wa mbwembwe. Kinataka mrusho mfupi, wa chini, uliolala. Na huo ndio mrusho salama kwa mbwa: anakimbia mbele, anakipokea usawa wa mabega yake, miguu minne karibu na ardhi, anaendelea na mwendo wake. Hakuna kusimama chini yake kungoja, hakuna kupinda mgongo. Daktari alikuwa amenieleza kwa maneno dakika ishirini nzima. Mpira wa dola 13 ukanifundisha kwa mirusho mitatu. Anayetaka kurusha mita 50 kwenye mashindano, huyo atafute plastiki laini ya mbwa, na mbwa wake awe mtu mzima aliyefundishwa. Mimi nazungumza na wewe unayeanza.

Kuhusu rangi. Chekundu. Mbwa haoni nyekundu kama sisi. Buluu na njano ndizo anazozitofautisha vizuri, na nyekundu juu ya majani mabichi kwake ni kama udongo juu ya udongo. Kwa mrusho wa mita kumi haidhuru, anakifuata kwa mwendo wake, na kikishaanguka anatumia pua. Pia si kitu cha kutafuna, na kampuni haifichi. Kikidakwa kirudi mkononi, mchezo ukiisha kiingie kabatini. Mbwa aliyeachiwa kisahani cha mpira jioni nzima ataamka na vipande.

Sasa mafunzo yenyewe. Watu hudhani mbwa anazaliwa anajua. Mandazi mara ya kwanza alikiogopa hiki cha mpira, akajificha nyuma ya kochi. Kwa wiki nzima Zuhura alikuwa anampa chakula chake cha asubuhi ndani ya kile kisahani, kimegeuzwa. Sahani ya kulia kweli, Bi Mkubwa hakukosea. Siku ya nne mbwa alikuwa anakifuata kila kinapokwenda.

Kisha kuviringisha. Hili ndilo lililotushika miezi yote mpaka Desemba, alipotimiza umri, na kwa kweli lingetosha hata kama tusingeendelea. Unakisimamisha kisahani kwa ukingo wake, unakiviringisha chini kama tulivyokuwa tunaendesha ringi za baiskeli mtaani kwa kijiti. Mbwa anakifukuza, anakikamata kwa pembeni, kichwa chini, mgongo umenyooka. Anajifunza kupima mwendo bila kuondoka ardhini. Kile cha mpira kinaviringika vibaya kidogo kwa ulegevu wake, kinayumba kama mlevi, na Mandazi aliona ndiyo raha yenyewe.

"Achia" ndilo lililotutesa. Mbwa wa kuchunga akishika kitu ni chake. Mwanzo nilikuwa namvuta, yeye anavuta, tunazunguka kama kwenye ngoma. Mwanamke mmoja mzee uwanjani, mwenye mbwa wawili wazee kama yeye, akaniambia ninunue cha pili kinachofanana. Nikanunua. Unakuwa na viwili: akileta kimoja hukigusi, unamwonyesha kingine, unakaa kimya. Cha mdomoni kinakosa thamani, anakidondosha, papo hapo unasema "achia" na unarusha cha mkononi. Siku tano. Sasa nikisema "achia" hata mbwa wengine pale uwanjani wanadondosha vitu vyao, na kuna Mmarekani mmoja mtu mzima anawaamuru mbwa wake kwa Kiswahili, "achia, achia", bila kujua ni lugha gani. Sijamwambia.

"Ngoja" na "haya" zilikuja zenyewe. Ngoja ina faida moja ambayo sikuitegemea: mbwa akikaa ubavuni na kungoja, anaanza kukimbia kabla kisahani hakijafika, anakwenda nacho upande mmoja. Mbwa anayerushiwa usoni akiwa anakuja kwako atakipokea kwa meno ya mbele, au atajigeuza hewani, na kujigeuza hewani ndiko kunakovunja. Usimrushie mbwa. Rushia mahali, yeye apakute.

Mruko wa kwanza uliokubaliwa ulikuwa Januari, theluji imeyeyuka, ardhi laini. Sentimita arobaini labda. Alitua kwa miguu ya mbele, ya nyuma ikafuata, akaendelea kukimbia. Nilipiga kelele peke yangu uwanjani kama mtu aliyeona penalti imeokolewa uwanja wa Mkwakwani, Tanga.

Uwanja nao una mambo yake. Tunakwenda Cherry Creek, ile hifadhi ya jimbo iliyo hapa Aurora, kuna eneo kubwa la mbwa kukimbia bila kamba na kibali chake unalipia. Pazuri, kuna maji. Lakini kuna wanyama wadogo huku, wa jamii ya kindi, wanachimba mashimo kama fuko. Wanaitwa mbwa wa nyika ingawa si mbwa hata kidogo, na sidhani kama Mandazi anafurahia kulinganishwa nao. Shimo lao linatosha mguu wa mbwa hadi gotini. Kwa hiyo kabla ya kurusha natembea mita thelathini kwenda na kurudi, natazama chini kama niliyeangusha pete. Na kuna mbigili. Wallahi mbigili ileile ya kwetu, yenye pembe mbili, imejaa pembeni mwa njia za Colorado. Mara ya kwanza nilipoitoa kwenye unyayo wa Mandazi nilikaa nikaitazama mkononi kwa muda. Nilikuwa sijaiona tangu utoto, na sikujua kama imefika mbali hivi kabla yangu.

Joto usilichezee. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Anapoa kwa kuhema, na kidogo kwenye nyayo. Mwili wake wa kawaida uko kwenye nyuzi 38 hadi 39, sisi hiyo ni homa, na akipanda juu ya 40 na ushee hali inaharibika haraka. Denver iko juu, mita 1,600 na kitu, jua lake ni kali hata upepo ukiwa baridi, hivyo unadanganyika. Na mbwa wa aina hii hajui kusimama. Mandazi angedaka mpaka afe, ndiyo maana kuhesabu ni kazi yangu: mirusho sita, maji, kivuli, mirusho sita, tunakwenda nyumbani. Ulimi ukiwa mpana kama kijiko cha mchuzi na umejikunja ncha, tumeshachelewa. Kiangazi tunamaliza kabla ya saa tatu asubuhi, saa za kwetu, na lami naijaribu kwa mgongo wa kiganja kwanza. Nisipoweza kuhesabu hadi saba, tunapita kwenye nyasi.

Kucha zifupishwe, hilo dogo. Na ukingo wa kisahani uupitishe kidole kila wiki. Wa plastiki ukipata meno ya msumeno, tupa, usiuhurumie. Mpira wetu una alama za meno lakini haujakata mtu. Kati ya vile viwili vya mpira, baada ya mwaka mzima cha kwanza bado kipo, cha pili Zuhura alikipoteza juu ya paa la jirani.

Kuhusu mate, kwa wenzangu mnaojali: mpira unaosheka. Cha kitambaa kilikuwa kinanyonya, kinakauka, kinanuka, ukikiosha mara saba bado una wasiwasi nacho. Hiki hakinyonyi. Nina ndoo yake nyuma ya gereji, ina udongo pembeni, na glavu yangu inalala humohumo. Mke wangu anasema mbwa huyu ndiye mwenye vyombo visafi kuliko sisi. Najua Wamaliki hawana shida hiyo. Mimi nimezoea nilivyofundishwa, na dakika tatu za kusuuza hazijaniua.

Wiki iliyopita Zuhura alimpigia bibi yake simu ya video kutoka uwanjani. Nikarusha, Mandazi akakimbia, akadaka usawa wa bega, akarudi, akaachia. Bi Mkubwa akatuambia turudie. Nikarusha tena. Akasogeza uso kwenye simu mpaka tukaona paji tu.

"Pesa ngapi hiyo sahani?"

Nikamwambia, kwa shilingi. Akaguna.

"Si mngemtupia sinia la bati tu."

Nikamwambia hata hapa ndivyo ilivyoanza: kulikuwa na wauza mikate huko Bridgeport, Connecticut, waliitwa Frisbie, na vijana walikuwa wakishakula pai wanarushiana lile bati tupu, na jina la mchezo likatoka hapo. Akanyamaza akifikiri.

"Hao," akasema, "mama zao walikuwa wapi?"